Mhusika Hutoka Sokoni: Maswali Yanayoulizwa Mara kwa Mara Kuhusu Kutazama Watu na Kuandika Shajara

Ninaandika hadithi fupi za Kiswahili, na ninaishi Kisumu. Jumamosi ya mwisho wa kila mwezi tunakutana watu saba au wanane, wengi walimu na wanafunzi wa chuo, mmoja fundi cherehani, tukasomeana tulichoandika. Kila mgeni anayejiunga nasi huja na maswali yaleyale, na mengine huletwa na vijana wa sekondari ninaokutana nao Kakamega na Nakuru. Nimeyakusanya hapa. Majibu hayalingani urefu kwa sababu mambo yenyewe hayalingani uzito.

Kwa nini nihangaike kutazama watu ilhali kazi yangu ni kubuni?

Kubuni utabuni tu. Lakini ubunifu usiolishwa hujilisha hadithi ulizokwisha kusoma. Nimepitia miswada mingi ya waandishi chipukizi, na humo mama mkwe ni mkali, tajiri ana kitambi, msichana wa kijijini ni mrembo na mnyenyekevu, mlevi anapepesuka akiimba. Watu hao hawakutoka Kondele wala Bungoma. Walitoka katika hadithi nyingine, ambayo nayo iliwatoa kwingine.

Mlevi niliyemwona mimi jioni moja kando ya barabara alikuwa amesimama wima kuliko watu wote waliokuwa pale. Alikuwa akifunga vifungo vya shati, kimoja baada ya kingine, polepole. Alipofika cha mwisho akakuta tundu limebaki. Akatazama huku na huku, akavifungua vyote, akaanza upya kutoka juu. Nisingeweza kumbuni mtu yule nikiwa nimekaa mezani.

Kuna sababu nyingine, na hii ndiyo huwa naikazania. Sisi tuliosoma fasihi katika shule za Kenya tumewajua wahusika kwa kuanzia mwisho. Swali la mtihani linasema, “Eleza sifa sita za mhusika huyu.” Unatafuta kitendo, unakibandika jina: ni mkarimu kwa kuwa alimpa mgeni chakula. Kwa msomaji, zoezi hilo ni zuri. Mwandishi akilibeba jinsi lilivyo, anaanza na orodha ya sifa, kisha anasaka vitendo vya kuzithibitisha, na mhusika anazaliwa akiwa tayari ni jibu la mtihani. Ukitazama watu unakutana na kitendo kabla hakijapewa jina. Mgeni amepewa chakula, sawa. Amepewa sahani ipi? Nani ameondoka mezani ili apate nafasi? Nani amesema “karibu” bila kuinua macho?

Nitazame nini hasa?

Anza na mikono. Uso tumeshajifunza kuutawala tangu utotoni, mikono bado. Kisha tazama pesa: zinakaa wapi mwilini, zinatolewa vipi, zinahesabiwa mara ngapi na mbele ya nani. Kisha tazama namna mtu anavyosubiri. Kivuko cha kutoka Luanda K'Otieno kwenda Mbita ni darasa zuri kwa hilo, kwa sababu kikishaondoka hakuna anayeweza kushuka, na mtu asiye na la kufanya huanza kufanya mambo yake halisi: anapanga upya mzigo uliokwisha kupangwa, anasoma karatasi ya dawa mara tatu, anamfunga mtoto wa jirani kamba za viatu bila kuombwa.

Zaidi ya yote, tafuta mahali ambapo mdomo na mwili havikubaliani. Nitakunukulia ukurasa mmoja wa daftari langu, unaohusu soko la Kibuye hapa Kisumu, kama ulivyo:

“Kibuye, Jumapili, saa nne asubuhi. Mwanamke, miaka hamsini hivi. Sandali za raba, mkanda wa kushoto umeshonwa kwa waya. Anageuza sweta ya shule ndani nje. Anavuta mshono wa kwapa kwa vidole viwili. Anauliza bei. Mia na hamsini. Anacheka kidogo, hasemi kitu, hairudishi sweta. Mia na ishirini. Anafungua pembe ya leso. Kuna mafundo mawili. Anagusa la kwanza, analiacha. Anafungua la pili: noti ya mia, sarafu mbili za kumi. Analipa. Anasema, ‘Leo umeniua kabisa, sina hata ya chumvi.’ Akiondoka anashika tena fundo la kwanza.”

Angalia kwamba sikuandika “maskini”, sikuandika “mvumilivu” wala “mjanja”. Ningeandika lolote kati ya hayo, ningekuwa nimeufunga ukurasa. Kilichonishika ni lile fundo la kwanza. Amesema hana hata ya chumvi, na vidole vyake vinasema kuna kitu pale.

Daftari la aina gani? Au simu yatosha?

Chochote kinachoingia mfukoni. Mimi natumia kidaftari kidogo nikiwa nje na kauntabuku nyumbani. Simu ina faida moja: ukiandika kwa simu kwenye tuktuk, watu hudhani unatuma ujumbe.

Ninaandikaje bila watu kuona kwamba nawaandika?

Usiandike mbele yao. Tazama, ondoka, kaa mahali, agiza chai, kisha andika kabla saa moja haijapita. Kesho yake kumbukumbu itakuwa imeshaanza kupanga mambo vizuri kupita kiasi. Utakumbuka kwamba mwanamke alikuwa na huzuni, na utasahau waya kwenye sandali. Huzuni unaweza kuirudisha ukitaka, waya haurudi.

Nikiwa mbali na mahali pa kuandikia, huwa nachagua maneno matatu na kuyarudia moyoni kama mtoto aliyetumwa dukani. Siku ile ya Kibuye yalikuwa “waya, kwapa, mafundo”. Yaliyobaki yote yalikuja yakifuata hayo matatu.

Kuna tofauti gani kati ya daftari la kutazama watu na shajara?

Daftari ni la wengine, shajara ni yako. Daftarini naandika kilichoonekana na kusikika, basi. Katika shajara naandika kilichonipata mimi nilipokiona: nilimwonea nani wivu, nilimhukumu nani haraka, kitu gani kilinikumbusha nyumbani. Kwenye kauntabuku yangu ukurasa wa kushoto ni nakala safi ya daftari, na wa kulia ni wa maswali na mambo yangu. Kwa yule mwanamke wa sweta ukurasa wa kulia una maswali haya: Fundo la kwanza ni la nani? Amejuaje ni lipi bila kufungua? Kwa nini hakuja na mtoto ajipime? Na chini yake nimeandika kwamba mama yangu alikuwa akiweka pesa ndani ya kopo la majani ya chai, chini ya majani, na sisi watoto tulijua sote, na hakuna aliyewahi kusema.

Usiruke ukurasa wa kulia. Mwandishi anayeandika kushoto pekee huishia kuwa na ghala la vituko.

Nikishakuwa na maandishi, mhusika anapatikanaje?

Hapa ndipo wengi hukwama, kwa hiyo nitaeleza kwa mfano mmoja mrefu.

Sikumchukua yule mwanamke. Nilichukua mafundo mawili. Nikajiuliza ni nani mwingine katika mji huu anayeweza kubeba pesa mahali pawili na kusema ana mahali pamoja. Nikapata mzee, tarishi mstaafu, anaishi Nyalenda. Leso ikawa suruali yenye mfuko wa ndani alioushona mwenyewe na kuufunga kwa pini. Tayari nilikuwa mbali na Kibuye, na hakuna mtu wa kweli ambaye angejiona.

Kisha nikajibu lile swali la ukurasa wa kulia: pesa za ndani ni za nini? Nilijaribu majibu matatu. La kwanza, ni mchango wa chama. Likaisha palepale, kwa sababu mchango wa chama hauna siri. La pili, ni za mwanamke mwingine. Hilo nilikuwa nimelisoma mara mia. La tatu lilikuja baada ya wiki mbili, nikiwa nimepanga foleni ya kukata tikiti: ni nauli ya kwenda nyumbani, Siaya. Mzee huyu ameishi mjini miaka 31, ana nyumba mjini, wajukuu wamezaliwa mjini, na siku zote hizo hajawahi kutoka nje bila nauli ya kuondoka moja kwa moja. Nauli ikipanda, anaongeza. Mke wake anaijua ile pini kwa sababu yeye ndiye anayefua suruali, na hajawahi kuuliza.

Kuanzia hapo sikulazimika kubuni tena kwa nguvu. Mtu kama huyo anatoa sadaka vipi? Anapoona matatu ya Siaya imeharibika barabarani, moyo wake unafanya nini? Na siku mjukuu anapohitaji sweta ya shule na pesa za mfuko wa nje zimepungua kwa kiasi kilekile kilicho ndani, atafungua pini? Hadithi nzima ilikuwa pale. Niliiandika kwa siku nne, baada ya kukaa na mafundo yale karibu mwaka mzima.

Kwa hivyo hatua zangu, kama unataka hatua: chukua kitendo, mwache mtu. Kipe kitendo hicho mwili mwingine, umri mwingine, mtaa mwingine. Uliza kinaficha nini, na ukatae jibu la kwanza hata likiwa zuri. Jibu la kwanza mara nyingi ni la hadithi uliyoisoma.

Je, huku si kuwaibia watu? Nikimwandika jirani na akajitambua?

Swali hili linaniuma, na nitasema kwa nini.

Miaka mingi iliyopita niliandika hadithi kuhusu mwanamke anayehesabu sahani matangani. Wanaojua matanga ya huku wanajua jambo hilo. Vyombo huazimwa kutoka boma hadi boma, na kila mwenye sahani huweka alama chini, tone la rangi ya kucha, nyekundu au waridi, ili zisipotee. Shangazi yangu mmoja ndiye aliyekuwa na mkono wa kuzirudisha. Watu wakilia, yeye alikuwa nyuma ya nyumba ameinama, anageuza sahani moja moja, anatazama alama, anazipanga mafungu. Nilibadilisha jina lake na kijiji. Sikubadilisha namna alivyokuwa akinyonya jino akikuta sahani isiyo na alama. Katika hadithi nilimfanya mwanamke asiyeweza kulia, mwenye moyo mkavu.

Hadithi ilisomwa kwa sauti nyumbani na binamu aliyedhani ananifurahisha. Shangazi alisikiliza hadi mwisho. Kisha akaniambia, “Mwanangu, nilipokuwa nahesabu sahani, kumbe nawe ulikuwa unanihesabu mimi.” Hakunikasirikia mbele ya watu. Ila matanga yaliyofuata hakugusa sahani hata moja, na nilijua ni kwa sababu yangu. Nilimwomba msamaha, akanipa. Na baadaye aliniambia kitu ambacho ningekijua kama ningeuliza: alikuwa akihesabu sahani kwa sababu ndiyo kazi pekee iliyomruhusu kuipa kaburi kisogo.

Nilikosea mara mbili. Nilimwacha ajulikane, na nilitoa hukumu kabla ya kuuliza. Kosa la pili liliharibu hata hadithi yenyewe, kwa kuwa mwanamke halisi alikuwa na sababu nzuri kuliko ile niliyombunia.

Sasa nina masharti. Sichukui kutoka kwa mtu mmoja zaidi ya kitu kimoja. Nabadilisha angalau jinsia, umri au kazi, kwa kuwa kubadilisha jina pekee hakumfichi mtu ambaye majirani wake wanamjua kwa mwendo. Simwandiki mtu aliye hospitalini, aliye kaburini akizika, wala mtoto anayelia. Sirekodi sauti wala kupiga picha kwa siri. Kifungu cha 31 cha Katiba ya 2010 kinalinda faragha ya kila mtu, na tangu 2019 tuna Sheria ya Ulinzi wa Data, lakini hata kama zisingekuwepo, macho na kumbukumbu vinatosha kwa kazi yetu. Na mtu wa familia nikitaka kumtumia, namuuliza.

Na mtu akiniuliza, “Mbona unaniangalia?”

Msalimie. Mwambie kitu cha kweli ulichopenda: “Naona unavyofunga hiyo kamba, sijawahi kuona fundo kama hilo.” Mara nyingi atakufundisha fundo, na utaondoka na mengi kuliko uliyoyatazama. Akiendelea kukasirika, omba radhi uondoke. Pia usitazame watu kwenye maandamano au ugomvi, na uwe mwangalifu na simu yako stendi ya mabasi.

Wahusika wangu wanaongea Kijaluo au Kiluhya katika maisha halisi. Nitawaandikaje kwa Kiswahili?

Kisumu utasikia Kijaluo, Kiswahili, Kiluhya, Sheng na Kiingereza katika tuktuk moja. Huwezi kuandika vyote, na si lazima.

Kwanza nikuombe kitu: usiandike lafudhi. Kuna mtindo wa kumwandika Mjaluo akisema “samba” badala ya “shamba”, au Mbukusu akibadilisha herufi, ili msomaji acheke. Msomaji akishacheka matamshi hatasikia tena anachosema mtu. Huyo mhusika hataweza kufiwa katika hadithi yako na mtu akamlilia.

Badala yake sikiliza watu wanavyoitana. Mwanamke aliyeolewa Kisumu kutoka Alego ataitwa Nyar Alego hadi uzeeni, jina linalosema kila siku kwamba alikuja kutoka kwingine. Wanawake wenzake sokoni watamwita Mama Otieno. Muuzaji atamwita “kastoma wangu” hata kama ndiyo mara ya kwanza kumwona. Kijana wa boda atamwita “mathe”. Mumewe pengine hamwiti kwa jina lolote, anaanza tu kusema. Mtu mmoja, majina manne na kimya kimoja, na hujatumia sentensi hata moja ya maelezo.

Pili, sikiliza kinachorukwa. Huku mtu anayekuja kukopa haanzi na mkopo. Anauliza habari za watoto, za mvua, za ng'ombe, za yule aliyekuwa mgonjwa. Pesa huja mwishoni, mlangoni, mkono ukiwa tayari kwenye kitasa. Ukiandika mazungumzo ya mkopo yanayoanza na mkopo, kila mtu wa Nyanza na Magharibi atajua kwamba mhusika wako hakukulia huku.

Nakuru nitatazama wapi? Watu wako mbiombio.

Tazama mtu anapopokea simu. Nakuru ina watu wa jamii nyingi, na mtu mmoja akiwa amesimama Kenyatta Avenue anaweza kuongea na mama kwa lugha moja, bosi kwa nyingine na rafiki kwa Sheng, yote kwa dakika tano. Ukiangalia vizuri utaona mabega yanabadilika pamoja na lugha. Andika yale mabega.

Niko shule ya bweni, sitoki.

Una foleni ya githeri. Nani humpisha nani, na nani hujifanya hajaona amepitwa?

Nimpeje mhusika jina?

Usimpe kwa kupenda sauti yake tu. Majina ya huku yana habari ndani. Otieno na Atieno wamezaliwa usiku, Odhiambo na Adhiambo jioni, Okoth na Akoth mvua ikinyesha. Opiyo ni pacha aliyetangulia na Odongo ndiye aliyefuata, kwa hiyo ukiwa na Odongo msomaji wa Kijaluo atangoja kusikia habari za Opiyo, na usipomtaja umeacha pengo bila kujua. Upande wa Bungoma, Wafula ni wa mvua, Wekesa wa mavuno, Wanjala wa wakati wa njaa. Mwanamume mwenye maduka matatu anayeitwa Wanjala amebeba njaa ya mwaka aliozaliwa mbele ya jina la duka lake. Hilo ni jambo la kutumia.

Je, ninaweza kumwandika mtu ambaye kazi yake siijui?

Unaweza, ukijifunza kazi yenyewe kabla ya kujifunza hisia zake. Mwandishi mmoja katika kundi letu alileta hadithi ya mama muuza omena, yaani dagaa wa ziwani. Ilikuwa na machozi ya kutosha. Ila katika usiku wa mbalamwezi, mwezi mpevu juu ya ziwa, mashua zilirudi zimejaa omena na mama akafurahi. Mwenzetu aliyekulia Dunga, ufukweni mwa wavuvi hapa Kisumu, akaweka karatasi chini. Omena huvuliwa usiku kwa taa, wavuvi huwasha taa juu ya maji ili samaki waifuate, na mwezi ukiwa mpevu taa haina nguvu. Usiku wa giza ndio wa mavuno. Maisha ya muuza omena yanafuata mwezi: kuna siku za pesa na siku za kukopa, na mwenye duka la unga anazijua. Juu ya hapo kuna msimu wa kufungwa kwa uvuvi wa omena, Aprili hadi Julai.

Mwandishi yule alirudi Dunga, akakaa na akina mama wanaoanika omena, akanunua gorogoro moja, akauliza. Hadithi ilipoletwa tena, mama alikuwa akitazama mwezi ukikua na kuanza kupunguza sukari kwenye chai ya watoto siku tatu kabla ya haja, ili wasishtuke. Hapakuwa na chozi hata moja, na sote tulinyamaza.

Kila kazi ina mwezi wake wa namna hiyo. Wa boda ni mvua na bei ya petroli. Wa fundi wa viatu ni wiki ya kufungua shule. Uutafute.

Mhusika bapa ni makosa?

Hapana. Makanga anayetokea kwa mistari miwili anaweza kuwa bapa, yaani mwenye sifa moja tu, na akipewa kina atamziba njia mhusika mkuu. Mpe kitu kimoja cha kweli apite. Wahusika duara, wale wenye kina na wanaobadilika, wasizidi uwezo wako wa kukaa nao, na kwa hadithi fupi mimi huweza wawili.

Mhusika wangu mwovu hatishi mtu. Nifanye nini?

Nenda kwenye shajara yako. Mwovu hapatikani kwa kutazama wengine pekee, kwa kuwa tukimwona mtu akitenda ubaya tunaona tendo tu, na hatusikii maneno anayojiambia.

Nina ukurasa ambao sikupenda kuuandika. Nilikutana mjini na mtu tuliyesoma naye darasa moja, anauza njugu kwenye karai. Nilimwona kabla hajaniona. Nilitoa simu, nikaiweka sikioni, nikapita nikiongea na mtu ambaye hakuwepo. Nilichojiambia ni, “Nitamwaibisha nikisimama.” Niliandika sentensi hiyo usiku uleule. Nilikuwa nimegeuza aibu yangu ikawa hisani kwake, kwa hatua kumi tu za kutembea.

Mwovu wako anahitaji sentensi kama hiyo. Mnyang'anyi wa shamba la mjane hajiambii “nanyang'anya”. Anajiambia “nalitunza hadi watoto wakue”, na pengine kwa mwaka wa kwanza ni kweli. Ukiipata sentensi yake, hutahitaji kumpa makovu wala kicheko kikubwa.

Kuhusu yule wa njugu, nilirudi wiki iliyofuata nikamsalimia. Alinikumbuka kwa jina la utani la darasani, akanijazia karatasi ya njugu, akakataa pesa.

Nitajuaje kwamba mhusika wangu ameaminika?

Mtoe nje ya hadithi, mpandishe matatu ya kutoka Kondele. Ametoa noti ya mia, nauli ni hamsini, na kondakta amesema “ngoja chenji”. Steji yake inakaribia. Je, ataidai kwa sauti? Atakohoa? Atashuka bila chenji kisha akasirike hadi jioni? Atapita steji makusudi? Ukijibu papo hapo bila kufikiri, unamjua. Ukianza kuchagua jibu linalopendeza, rudi daftarini, bado hujamjua.

Nitenge muda gani?

Dakika kumi na tano kwa siku, mara nne kwa wiki, zinanitosha. Wiki nyingine sipati kitu. Naandika tarehe na mahali, nafunga.

Yule mama wa sweta, uliwahi kumwona tena?

Sijamwona. Huwa nakwenda Kibuye Jumapili mapema, wakati belo zinafunguliwa na wanunuzi wenye jicho wanawahi zile nguo nzuri za juu, na napita kwa muuza sweta yuleyule. Ananifahamu sasa. Mara ya kwanza nilisimama pale nusu saa bila kununua, akaniuliza kama nimetumwa na kanjo, askari wa kaunti. Tangu siku hiyo nanunua kitu kwanza, hata soksi, kisha nasogea pembeni, karibu na mwenye mizani, mahali ambapo sizuii mteja wa mtu.